Kununua Tawi la Hakuchi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa karakana ya Sponji, fundi makochi, na wakaaji wake ni wale wale. Yupo Sponji mwenyewe. Yupo Waziri, dalali wa nyumba, asiye na wizara ila ana jibu la kila kitu. Yupo Kipimo, fundi cherehani, asiyevua utepe shingoni hata akienda msibani. Na yupo Mama Birika, muuza kahawa, ambaye ndiye serikali ya pale. Ng'ambo ya barabara ipo klabu ya Hakuchi, jengo jeusi lisilo na dirisha, linalopiga muziki mchana na usiku. Hakuchi ina matawi mji hadi mji: kampuni inakuuzia jina, taa, muziki na mabaunsa, wewe unaleta mtaji na kuwakatia fungu lao. Sponji alitaka kuuza karakana anunue tawi, na asubuhi hiyo mkewe, Mama Pacha, alikuwa ameingia mle kuikagua biashara. Sasa ilikuwa alasiri. Sponji alichangamka kama mtu aliyekwisha kuamua, lakini kila mara alitupia jicho mlango wa klabu.

– Nasema hivi, alianza Waziri. Ukinunua jina linalojulikana, umeruka nusu ya safari. Mteja hakuulizi wewe nani, umetoka wapi.

– Na jina si lako, alidakia Kipimo. Unalea mtoto wa watu. Siku wakimtaka mtoto wao, unabaki na ukumbi mtupu unaukodolea macho.

– Mtupu? Hebu tazama mlangoni!

Kweli, wasichana watatu walikuwa wanaingia wakishikana mikono. Mlango ulipofunguka, ngoma iliwagonga wanakijiwe mbavuni, kisha ukafungwa.

– Juzi nilipeleka sare za mabaunsa, Kipimo akasema, sauti imeshuka. Nikachungulia. Nikaona jamaa kavaa suti nyeupe, kola pana, suruali imepanuka chini. Mshono ule wangu, jamani. Nilimshonea nikiwa bado nina nywele kichwani. Yeye alikuwa kijana.

– Na sasa?

– Bado kijana.

Mama Birika aliacha kumimina. Waziri akapiga paja.

– Ndiyo tangazo hilo! Njoo Hakuchi, hutazeeka! Sponji, hapo peke yake umeshatajirika.

– Mimi naona hasara tupu, alisema Mama Birika. Klabu nyingine zote, alfajiri watu wanamwagika nje macho mekundu, wananililia kahawa. Hawa wa hapa sijawauzia hata kikombe.

– Wana vyumba humo ndani, mama, Waziri akajibu. Mteja haendi kokote, hela yake haiendi kokote. Biashara gani nyingine ina bahati hiyo?

Sponji naye akaona achangie, maana ndiye mwenye dili.

– Makochi yao je? Waliniita niyaangalie. Yamo humo tangu wafungue, na sponji haijabonyea hata pa kutia kidole. Nikajiambia, hapa gharama ya matengenezo hakuna.

– Kwani hawakai? Mama Birika aliuliza.

– Wanacheza.

Akacheka peke yake, akanywa kahawa.

– Mimi nimeshaelewa, Waziri akasogea mbele, macho yanamng'aa. Watu wanaingia kila siku, na ndani hapajai. Kwa nini? Ukumbi ni mmoja tu! Haya matawi yote ni milango. Kwa hiyo bwana Sponji hanunui ukumbi, ananunua mlango. Na mlango, ndugu zangu, unautunza kwa mafuta ya bawaba tu!

– Na huo ukumbi uko wapi? Kipimo akauliza.

– Hayo ya kampuni. Wewe unataka kujua ng'ombe amelala wapi au unataka maziwa?

– Mama Pacha mbona hatoki? Mama Birika akasema. Tangu asubuhi?

– Ni sharti lao, Sponji akajibu harakaharaka. Anayetaka tawi lazima aionje biashara kwanza. Anacheza wimbo mmoja, akitoka anasema ndiyo au hapana. Mwenyewe kaniambia, "Baba Pacha, wimbo mmoja tu, usile bila mimi."

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa dada mmoja mgeni, anapuliza kahawa yake kimya. Aliinua uso.

– Samahani wazee wangu. Nimehamia juzi, nimepanga chumba nyuma ya klabu. Hivi huu wimbo huwa unaisha saa ngapi?

– Wimbo upi? Waziri akauliza.

– Huu. Nimeukuta unapigwa, nimelala nao, nimeamka nao. Nasubiri uishe nisikie unaofuata.

Wakatega sikio. Ngoma ile ile, na sauti ya mwanamke ikipanda, ikipanda, inakaribia kutua, halafu inaanza upya. Sponji alijaribu kuukumbuka mwisho wake. Miaka yote hiyo alikuwa akigonga misumari ya makochi kwa mdundo wake, na mwisho hakuwahi kuusikia.

– Nyimbo za siku hizi ndefu, alisema Waziri.

Sponji akasimama. Karakana, tawi, utajiri, vyote vilimtoka akilini, akabaki na Mama Pacha tu. Akavuka barabara bila kutazama magari, na baunsa akamkunjulia tabasamu.

– Mke wangu yumo, alisema Sponji.

– Yumo, shemeji. Anacheza vizuri.

– Nimekuja kumchukua.

– Mchukue tu, wako huyo. Wimbo ukiisha.

Sponji aligeuka kutazama kijiweni. Wenzake wote walikuwa wameinamia vikombe vyao. Akavua aproni yake ya kazi, akamkabidhi baunsa, akaingia.