Sanduku la Sandesh

Kesho Sutapa angefanyiwa sherehe ya mimba ya miezi saba, kwa hiyo basini alipakatishwa sanduku zima la sandesh, vitamutamu vya maziwa na sukari. Kliniki walikuwa wamemwita leo arudie kipimo cha sukari, na kituo chake kilikaribia.

"Hatushuki," mama mkwe alimtangazia mwanamke wa kiti cha pili, ambaye hakuwa ameuliza. "Kisukari ni cha wazee. Huyu nimemkataza kazi zote, hata ngazi hapandi."

"Umemfuga kama ng'ombe wa maonyesho, dada! Hatembei, anashindiliwa sukari, halafu damu ikiwa sharubati mnashangaa?"

"Asiponenepa, majirani watasema namtesa mke wa mwanangu."

"Kwa hiyo yeye ale sukari, wewe ule sifa."

Abiria wakacheka. Sutapa hakucheka. Tangu aolewe, nyumba ile ilimtaka afungue kinywa kwa kula tu.

"Wewe umelea wakwe wangapi hata unifundishe?"

"Watatu. Wa mwisho alibeba mimba ya mtoto wa kilo tano, mtoto akakwama wakati wa kuzaliwa. Niliyekuwa namlisha ni mimi."

Mama mkwe alimtazama Sutapa kiunoni. "Huyo ni wako. Wangu ana nyonga pana."

"Nyonga pana! Umezipima kwa rula?"

Basi likasimama mbele ya kliniki. Wakati wawili hao wakigombania nyonga zake, Sutapa alimpakatisha mama mkwe lile sanduku. "Nishikie, Ma," akasema, akashuka ngazi zote tatu mwenyewe.