Bwana Abeid Mbaruku na Baraza za Mtaa wa Mafundi

Tarehe 30 Juni 1962, Bwana Abeid Mbaruku, mchora ramani mkuu wa ofisi yetu, anastaafu baada ya kuutumikia mji wa Mwanza kwa miaka thelathini na mmoja.

Aliajiriwa mwaka 1931 kuwashikia wapimaji kamba. Mwaka 1939 alipewa meza ya kuchorea. Chuo cha usanifu hakukiona. Alijifunza katika Mtaa wa Mafundi, ambako baraza ya kila nyumba imeungana na ya jirani, hata mtu hutembea chini ya paa kutoka sokoni mpaka karibu na ziwa. Kabla ya kuchora jengo lolote jipya, aliketi kwanza kwenye baraza za majirani wa pande zote mbili, akapima kimo cha baraza hizo kwa muundi wa mguu wake. Wahandisi walicheka. Futi ya chuma haikupata kumsahihisha zaidi ya inchi moja.

Mwaka 1960 iliamuliwa ofisi ya ghorofa tatu ijengwe katikati ya mtaa huo. Ramani, iliyochorwa na mwandishi wa maneno haya mara tu alipotoka chuoni, ilirudisha jengo nyuma futi kumi na mbili, mbele yake ukuta na majani. Bwana Abeid alikataa kuinakili. Ubishi ulichukua wiki tatu. Mwandishi alidai kwamba mtaa usiobadilika ni makumbusho.

“Ghorofa ongeza hata tano, mwanangu, sigombi,” alijibu. “Bi Moza atapita wapi?”

Saa saba mchana alimpeleka mbishi wake kwenye kiwanja, kilichokuwa bado kitupu. Bi Moza, mshona kofia mwenye umri mkubwa, alikuja na kapu lake, akafika mwisho wa baraza, akasimama. Jua lilikuwa kali. Alipoelezwa kwamba sehemu hiyo itabaki wazi daima, aliuliza, “Na hiyo shahada yako, bwana mdogo, ina mwavuli?”

Ramani ilichorwa upya. Jengo lilifunguliwa wiki ya Uhuru: ghorofa zake ni tatu, na baraza yake imeungana sawasawa na za majirani. Bi Moza hupita kila siku, wala hasimami.

Juu ya baraza, mwandishi ameshindwa na anakiri. Juu ya ukubwa wa madirisha ya jengo hilo, ambao nao walibishania, hajakubali.

Tunamshukuru Bwana Abeid kwa kazi yake. Tunamtakia yeye na mkewe, Bi Sada, afya na utulivu shambani kwao Igoma. Kwa habari ya madirisha, tutamfuata huko huko.