Gundi ya Kitani cha Godelieve

Nilikuwa nimesimama mbele ya benchi letu la karibu na kanisa, nasugua bua kavu kwa madaha ya mtaalamu, natangaza kwamba kitani, mmea wa nyuzi za nguo, kimeiva, kifungwe marobota leo leo. Godelieve, mwenye shamba, akaniangalia juu ya kikombe chake.

"Shemeji, hiyo ni ngano."

Miaka kumi na tisa nimeoa hapa Flandria, Ubelgiji, nimezunguka bandari za nusu dunia, na bado sitofautishi ngano na kitani. Nikakaa. Akanimiminia kahawa ya chupa yake, maana huruma ni huruma. Kitani chake, hekta nne, kilikuwa wiki ya tano kimelazwa shambani kinywe umande, nyuzi zilegee. Kesho mvua. Saa nane Jorik, mwenye trekta, angepita na mashine ya kufunga. Kikifungwa mapema, nyuzi hazibanduki kwenye bua. Kikilowa tena, zinaoza, na jasho la mwaka ndiyo basi.

Benchini walikuwepo Maurits, tunayemwita Daktari kwa kuwa aliwahi kudeki maabara, na Odiel, Barometa, anayetabiri mvua kwa goti.

Daktari: Acheni papara. Kinachoshika nyuzi ni gundi, pektini. Vijidudu vya umande vinaanza na hiyo.

Barometa: Vikiimaliza?

Daktari: Vinahamia kwenye nyuzi zenyewe, selulosi. Zote asili yake sukari, ila pektini ni kama uji, selulosi ni kamba iliyosukwa ikakaza.

Barometa: Yaani shati langu la harusi ni sukari?

Daktari: Sukari tupu.

Barometa: Ndiyo maana panya walilimaliza!

Mimi: Samaki mkunje angali mbichi, Godelieve.

Godelieve: Samaki katokea wapi?

Barometa: Dada, subiri. Vijidudu vya upande wa kanisa vinafunga saumu kila Ijumaa. Viko nyuma siku tano.

Daktari: Vijidudu havina dini, bwana. Ila kengele inatikisa kuta za seli, gundi inalegea mapema. Niliyaona maabara.

Mimi: Ulikuwa unadeki.

Daktari: Kudeki hakuzibi macho.

Godelieve hakucheka. "Nifunge au nisifunge?"

Kila mtu akapuliza kahawa ambayo ilishapoa. Trekta la Jorik likasimama, naye akachungulia dirishani.

"Leo nani kavunja bua la chini, lililolalia udongo?"



Godelieve akavuka barabara hadi shambani, akainua mstari wa kwanza, akachomoa konzi ya mabua kutoka chini kabisa. Akavunja bua moja katikati, akavuta. Ganda la nyuzi likabanduka kama utepe wa kijivu, refu, halikukatika. Kijiti cha ndani kikadondoka vipande vipande. Akajaribu jingine, na jingine, kutoka kila pembe ya shamba, sisi tukimsubiri.

"Funga," akamwambia Jorik.

Nikashindwa kujizuia. "Kwa hiyo kati yetu nani alikuwa sahihi?"

"Nyinyi mlikuwa mmekaa."