Mafuta ya Gari Lililo Juu ya Mawe

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa gereji ya Fundi Spana, na benchi letu ni kiti cha nyuma cha gari la diwani. Gari lenyewe liko hapohapo mbele yetu, limepandishwa juu ya mawe, halina injini wala matairi, kuku wanataga ndani. Sasa juzi imejulikana kwamba diwani amekuwa akidai posho ya mafuta ya gari hilohilo, eti analizungusha kata nzima kutembelea wananchi. Kesho asubuhi kamati ya madiwani inamtaka Fundi aseme kama gari linatembea. Ubaya ni kwamba diwani ni shemeji yake, kaka wa mkewe, na kiwanja cha gereji ni cha diwani. Tukaona tumsaidie, maana kwa ushauri wa bure hatujambo.

— Kesho nasema haliwaki, alisema Fundi.

— Polepole, alisema Wakili, ambaye sheria aliisomea mlangoni, akiwa mlinzi wa mahakama. Wanauliza kama linatembea, hawajauliza kama linawaka. Tukilisukuma likasogea, limetembea.

— Halina matairi.

— Usione vyaelea, vimeundwa.

— Ndiyo nini sasa?

— Ndiyo sheria.

Kinyozi akaweka kikombe chini.

— Mimi nasema linatembea usiku, sisi tumelala. Mwenda pole hajikwai.

— Bila injini, Kinyozi?

— Injini anayo diwani. Jioni anakuja nayo, alfajiri anaondoka nayo.

— Mfukoni?

— Mheshimiwa ana mifuko mikubwa, hujui?

— Na hao kuku, akadakia Wakili, ni wakazi wa kata hii. Akija kuokota mayai, amewatembelea wananchi.

Tulicheka sana. Fundi hakucheka.

— Jamani, ushuru wa soko analipa hadi muuza nyanya. Hela yake ndiyo inayonyweshwa mkangafu huu. Diwani akinifukuza kiwanjani, nitatengenezea magari ya watu barabarani. Nasema haliwaki.

Nilimwogopea, na nilimwonea fahari pia.

Hapo tukamwona mkewe anakuja. Tulijua katumwa na kaka yake.

— Karibu shemeji, keti, alisema Wakili.

Hakuketi.

— Shemeji zangu, kesho mume wangu anakwenda kusema kweli. Nani kati yenu anamsindikiza?

Wakili akachungulia kikombe chake. Kinyozi akakumbuka ana kichwa cha kunyoa asubuhi. Mimi niliinama kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Alitugeuzia mgongo.

— Haya, akamwambia mumewe. Twende nikakupigie shati pasi. Nitakwenda na wewe. Yule ni kaka yangu, aniangalie mimi usoni ndipo aseme linatembea.