Koti Lisilo na Mgongo: Maisha ya Yaya Célestine

Wapendwa mliokuja kutusindikiza, mimi ni Eugène, mdogo wake marehemu, dada yangu mkubwa niliyemwita yaya, familia imenituma nisome maisha yake, ingawa katika wote walio hapa ndimi niliyemwonea wivu zaidi.

Célestine Bolumbu alizaliwa Yanonge tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa Papa Nephtali na Mama Simone, mimi nikafuata miaka miwili baadaye, na tangu hapo kila kizuri kilianzia kwake. Alisoma shule ya msingi hukohuko, sekondari Kisangani, akapata diploma yake ya taifa mwaka 1993, mwaka ambao mimi nilirudia darasa, kisha akasomea utabibu wa mifugo hadi 1999.

Tarehe 5 Februari 2001 aliajiriwa katika maabara ya mifugo hapa Makiso, akaniombea kazi ya kutunza mbuzi wa majaribio, tuliowawekea kupe na kuwapaka dawa mpya kuona kama kupe watakufa. Tarehe 20 Julai 2002 alifunga ndoa na Dominique, Mungu akawajalia Merdi na Rosine, mwaka uleule wa arusi yao mke wangu akaniacha, halikuwa kosa la yaya, lakini niliumia.

Mwaka 2016 alisema mbuzi wameteseka vya kutosha, akatengeneza ngozi nyembamba ya bandia, chini yake akaweka damu vuguvugu ya machinjioni iliyochanganywa na dawa, ili kupe wanyonye pale. Miezi tisa kupe waligoma. Mimi nilijua kwamba kupe hang'ati pasipo harufu ya mnyama, miaka kumi na mitano na mbuzi ilinifundisha, lakini nilinyamaza, nikafurahi kumwona mwenye diploma akishindwa, tena bila mbuzi mimi ningekuwa nani?

Februari 2017 kupe wakauma, dawa ikawaua, wakubwa wakampongeza, mbuzi wakaondolewa, nikabaki kuosha chupa. Majuma machache kabla koti langu la kazi lilikuwa limepotea, nikamwita mlinzi wetu Noël mwizi mbele ya watu.

Figo zilianza kumsumbua yaya mwaka 2023, akatuacha tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi. Juzi wenzake walifungua kabati lake, wakakuta koti langu limekatwa mgongo, vipande vyake vyenye harufu ya mbuzi alivilaza juu ya ile ngozi ya bandia, na katika daftari ameandika: "Eugène anajua lakini hasemi, alors basi nimekamata koti yake. Mutu asimuulize."

Miaka minane alinisalimu kila asubuhi bila kunitajia hilo koti. Hata kusamehe amenitangulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake, na wewe Noël, ambaye nakuomba radhi hadharani. Mlioniangalia mkicheka kimyakimya, koti nililovaa leo ndilo hilo.

Pumzika kwa amani, yaya. Wivu ninao bado, lakini safari hii nimesema.