Mashine Haitoki Wodini

DADA: Haloo? Nani mwenzangu? Nimepokea bila kuangalia.

DEREVA: Mdogo wako, dada. Shikamoo. Shemeji vipi?

DADA: Marahaba. Kifua kimeshonwa vizuri, sasa kazi iko kwenye mapafu. Yamejikunja kule chini. Wamemvalisha barakoa ya mashine, inamsukumia hewa yafunguke. Bila hiyo, daktari kasema, nimonia haiko mb— (mkwaruzo)

DEREVA: Haloo? Dada, nimepiga kwa ajili ya hiyo mashine. Wakija kuichukua, usigombane nao.

DADA: Walishakuja. Nimekalia waya.

DEREVA: Umekalia—

DADA: Na soketi iko mgongoni kwangu. Wakitaka waninyanyue, mwili ninao. Wewe nani kakwambia wanakuja?

DEREVA: Ni ya kuazima tu. Kuna mgonjwa ghorofa ya juu, wodi ya kulipia.

DADA: Anaumwa nini?

DEREVA: Anakoroma. Akilala pumzi inamkatika. Yake kaisahau nyumbani, na anataka usingizi wa mchana.

DADA: Si amtume dereva wake akailete?

DEREVA: (kimya)

DADA: Haloo?

DEREVA: Nipo.

DADA: Ahaa. Kwa hiyo ni bosi wako.

DEREVA: Nimemwambia naifuata, kasema hasubiri. Dada, kibarua changu kitaota nyasi, na wanangu—

DADA: Baba naye alipasuliwa salama. Wakaja, wakasema ya kuazima tu, wakapanda na mashine yake juu. Mapafu yakajaa, tukamzika.

DEREVA: Nilikuwa mdogo.

DADA: Mimi sikuwa mdogo. Aliyeibeba namjua hadi leo, na mwendo wake. Uko wapi?

DEREVA: Mlangoni hapa wodini kwenu. Na wale wawili wa kubeba.

DADA: Ingiza kichwa umwone shemeji yako. Umeona tumbo linavyopanda? Haya, njoo umvue barakoa wewe.

(mashine inavuma)

DEREVA: Jamani, rudini… Nimesema rudini. Haichukuliwi… Amri yangu mimi.

DADA: Wanasemaje?

DEREVA: Wameondoka. Wanakwenda kumwamsha bosi.

DADA: Kumbe kalala?

DEREVA: Dada, usinichekeshe, mwenzio natetemeka.

DADA: Tetemekea huku ndani. Kata simu.

DEREVA: Inajikata yenyewe, salio limekwisha. Ila akishuka huyo, kesho mimi sina—

(Simu inakatika.)