Sababu Ambayo Symphorien Numbi Hakuitoa

Wasikilizaji wapendwa, mlio majumbani na ninyi mliosimama chini ya kipaza sauti cha soko la mtaa wetu huu wa Kenya, wekeni vikapu chini kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye sauti yake mnaijua kuliko mnavyoijua yangu hii ya redioni. Symphorien Numbi amefariki. Narudia kwa ambaye hakusikia vizuri: Symphorien Numbi, msema-filamu wa Kenya, amefariki Jumatatu hospitalini, kwa ugonjwa wa mapafu.

Mchana alikuwa seremala. Jumamosi, giza likishaingia, alikuwa mtu mwingine. Padri alileta mashine ya sinema, Liévin, fundi wake, akaiendesha, kitambaa cheupe kikatundikwa ukutani mwa shule. Symphorien alisimama kando yake na bomba la bati la kukuza sauti mdomoni. Filamu zilisema Kifaransa, naye alizisema kwa Kiswahili chetu. Na tuseme ukweli, marehemu hakutafsiri sana. Alitunga. Mzungu wa kwenye filamu akitoa neno moja, Symphorien alimpa hotuba.

Mnaikumbuka desturi yetu. Mtu akipigwa kwenye filamu, uwanja mzima uliuliza sababu: "Juu ya nini?" Symphorien hakukosa jibu. "Alimubebea bibi yake." "Alikula feza za kilio." Wakati mwingine sababu yenyewe ilikuwa imekatwa, maana serikali hukata vipande isivyotaka tuvione. Picha inaruka kidogo, na muuaji amekwisha kuua. Hapo Symphorien aliziba pengo kwa akili yake. Mkewe, mama Mado, aliniambia juzi: "Bantu balikuwa banasema filme ya Symphorien iko muzuri kupita ile ya Bazungu. Akirudi pale, hata maji ya kunywa anataka muntu amuletee."

Sasa sikilizeni habari ya mdogo wake.

Mdogo wake aliitwa Paulin, fundi wa kushona nguo. Paulin alimwoa Delphine, binti aliyetoka mbali, Kasenga, wakapata watoto wawili. Mwaka wa hamsini na mbili wezi waliingia nyumbani kwa Paulin. Walikuja kuiba cherehani. Basi wakaiacha cherehani mezani, wakabeba kifuniko chake cha mbao, kitupu, mmoja ameshika huku na mwingine kule, wanahema kama wamebeba kabati. Mmoja alipoteza kiatu kwenye tope la bomba la maji. Paulin aliamka akatoka uani. Hakupiga kelele. Wezi walikuwa wamekwisha kufika barabarani, njia nyeupe mbele yao. Mmoja akageuka, akarudi mpaka uani, akampiga Paulin chuma cha kichwa, akakimbia. Paulin hakuinuka tena.

Aliyepiga alikamatwa. Alipoulizwa mahakamani kwa nini alirudi, alijibu: "Sijui, Bwana." Mpaka anafungwa, hakuwa na jibu lingine.

Jibu hilo halikumridhisha baba mkubwa Kalenga. Kalenga ni kaka wa baba yao, na ndiye mkubwa wa ukoo hapa mjini. Alikaa msibani akiipima habari ile, akaiona haina kichwa wala miguu. "Mwizi gani anaacha mashine, anabeba sanduku bule?" alisema. "Mwizi gani anarudia nyuma, njia iko wazi? Hapa hakuna mwizi. Hapa kuko muntu alibatuma."

Macho yakamgeukia Delphine. Mke ndiye anayejua mlango upi haufungiki vizuri, walisema. Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu siku ile hakuna mtu wa ukoo aliyekula chakula cha mkono wake, kwa kuogopa sumu. Hata watoto wake mwenyewe walilishwa kwa jirani. Matanga yalipokwisha, ukoo ukakata shauri: Delphine atarudishwa Kasenga kwa lori. Watoto watabaki hapa, kwa kuwa ni wa ukoo wa baba yao.

Symphorien alikuwa amemwangalia yule mwizi usoni pale mahakamani, na alimwamini. Alikwenda kwa baba mkubwa kumwombea shemeji yake. Kalenga alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole.

"Symphorien, we njo ulitufundisha. Kila Jumamosi tunauliza juu ya nini, na kila Jumamosi unatuambia. Leo kwa ndugu yako, sababu inakosa?"

Mama Mado anasema mumewe alirudi nyumbani akaketi kwenye benchi la kazi, randa mkononi, hakuranda kitu. Lori lilikuwa liondoke Jumatatu.

Jumamosi ile padri alileta filamu ya wezi. Wezi watatu wanaingia dukani kwa mzee mmoja muuza saa. Mmoja amevaa kofia ya kuficha uso, nayo imemziba macho, anagonga mlango kwa paji la uso. Gari lao linakataa kuwaka, wanalisukuma wenyewe. Mwanzoni uwanja ulicheka. Baadaye watu wakaanza kunung'unika. "Ni bongo," walisema, yaani uongo mtupu. Mwanamume mmoja akasimama akasema: "Mwizi wa vile hakuna. Mwizi iko na akili kupita polisi." Wengi wakamuunga mkono. Sisi tunapenda mwizi hodari, wasikilizaji wapendwa. Akituibia mwizi hodari, hatuoni haya.

Kwenye filamu, saa zilikuwa zimekwisha kuingia mfukoni. Mzee ameinua mikono. Mlango uko wazi. Mwizi wa mwisho anatoka, anafika mlangoni, anageuka, anarudi, anampiga mzee kichwani.

"Juu ya nini?" uwanja ukauliza.

Symphorien aliwatazama watu. Kalenga alikuwa mbele, kwenye kiti chake. Delphine alikuwa nyuma kabisa, peke yake, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Sababu zilikuwa tele mdomoni mwa Symphorien, na angeweza kutoa yoyote, watu wakatulia.

"Bule," alisema, yaani bure tu.

Wakauliza tena, kwa nguvu zaidi. Akawajibu: "Bule. Balikuwa bamekwisha kupata. Njia ilikuwa wazi. Alirudia kumupiga bule."

Pakawa na zogo. Filamu imeharibika, walisema. Kalenga akainuka, akamgeukia Liévin kwenye mashine yake. "Rudisha, Liévin. Bamekata. Sababu iko mu kile kipande bamekata."

Liévin aliurudisha mkanda kwa mkono, polepole, uwanja mzima ukimngoja. Kisha akaonyesha mara ya pili. Safari hii hakuna aliyeangalia wezi. Kila mtu aliangalia picha, kama itaruka. Haikuruka. Mzee aliinua mikono, mlango ulikuwa wazi, mwizi akageuka, akapiga. Hakuna kilichokatwa.

Hakuna aliyeuliza.

Kalenga alikuwa bado amesimama. Akasema kwa sauti ndogo: "Nani alimutuma?"

Symphorien aliweka bomba la bati chini. "Hakuna, baba mukubwa. Umeangalia na macho yako. Ni mujinga, aliogopa, akapiga. Paulin njo vile alikufa."

Akaketi chini palepale, akalia mbele ya watu wote. Hakuwa amemlilia mdogo wake tangu azikwe. Filamu iliendelea mpaka mwisho bila msemaji.

Wapo mpaka leo wanaosema ile ilikuwa filamu mbovu kuliko zote zilizofika Kenya. Mimi siwapingi kwa ubaya. Ila naona hivi: tukiambiwa sababu, tunajisemea kwamba sisi hatuna kosa kama hilo, basi tunalala usingizi. Tukiambiwa bule, nani atalala? Ndiyo maana tunamtafuta mtu. Na tukimtafuta, hatumkosi, hasa akiwa mwanamke na kwao ni mbali.

Jumatatu asubuhi lori lilifika. Haya ni maneno ya Delphine mwenyewe, naye ameniruhusu niyaseme: "Nilikuwa nimefunga mizigo. Batoto balikuwa banalia. Baba mukubwa akafika, akakaa pa mukeka. Akasema: Mama, niko na njaa, unipikie bukari. Mi nikawaza ananichekelea. Nikasonga unga mbio, bukari ikatoka na mabonge. Akanawa. Akakula yote, na mabonge yake, bantu banaangalia pa mulango."

Hakusema amekosa. Wazee wetu mnawajua. Dereva wa lori alipiga honi, akachoka, akaondoka. Delphine hakuondoka. Watoto wake wanasoma hapa mjini, na cherehani ya Paulin anaishonea yeye.

Symphorien aliendelea kutusemea filamu miaka mingine mingi. Filamu yenye sababu, alitupa sababu. Isiyo na sababu, alisema bule, na sisi tukazoea, ingawa kwa shida.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole nyingi mama Mado, Delphine na watoto, mzee Kalenga, Liévin, na ukoo wote. Mungu amlaze Symphorien Numbi mahali pema.

Sasa neno langu kwenu. Jana nilikwenda msibani. Pale kwenye lango niliwakuta watu wawili wanaongea chini chini, na mmoja alisema: "Kikohozi kinaua seremala mwenye nguvu vile? Bibi yake alikuwa anamupikia nini?" Sikuwataja, na sitawataja. Daktari amesema ni mapafu. Narudia: ni mapafu. Matanga yanavunjwa Jumamosi. Jumapili mama Mado atawasha moto wake tena. Ukipita pale, ukaambiwa karibu, ingia. Nawa mikono, ule.